Mpira Uliojazwa kwa Mdomo

Mchana ule mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo mazoezi yakaanza kwa kupiga deki. Paa la ukumbi wa chuo lilivuja palepale chini ya kikapu cha upande wa mlangoni, na wasichana wa timu walishazoea. Mmoja anashika ndoo, wawili wanasukuma maji, wengine wanafunga kamba za viatu huku wakisimuliana ya darasani. Nahodha wao, msichana mrefu waliyempachika jina la Mlingoti, alikuwa amepanda kiti anakaza wavu uliolegea. Ilikuwa siku kama siku nyingine.

Tatizo ni kwamba timu ilikuwa haishindi. Haikushinda ugenini, haikushinda nyumbani, na nyumbani ndiko ilikoaibika zaidi, maana kule ugenini walau hakuna aliyewajua. Wanafunzi wenzao waliwaita Timu ya Sadaka, kwa kuwa kila aliyekuja aliondoka na pointi. Mlingoti akipanga foleni ya chakula, alimsikia mtu nyuma yake akiuliza kwa upole kabisa, "Nahodha, wiki hii mnagawa kwa nani?" Naye alicheka, kwa sababu ukinuna ndiyo unawachochea. Wachezaji waliokuwa na mahali pengine pa kukimbilia walikimbilia huko. Wakabaki saba.

Mfupi kuliko wote alikuwa Sisimizi, mtoto wa mama mdogo wa Mlingoti. Walilelewa nyumba moja, wakalala kitanda kimoja mpaka miguu ya Mlingoti ikaanza kuning'inia nje. Sisimizi alikuwa mwepesi, na alipokupa pasi ulihisi umekabidhiwa, hukurushiwa. Ila alikuwa na pumu. Mchezo ukipamba moto utamkuta benchi, amejikunja, kichupa cha dawa ya kuvuta mdomoni, mabega yanapanda na kushuka. Mlingoti alicheza jicho moja kwenye mpira, jingine kwenye benchi.

Deki haijaisha, Kocha akaingia na sura ya mtu aliyetoka msibani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, timu alibebeshwa tu. Akawaeleza alichoambiwa na mkuu wa chuo. Mechi ya nyumbani ya Ijumaa, dhidi ya chuo cha ualimu, ndiyo ya mwisho wakipoteza. Timu itavunjwa, ukumbi utakatwa madarasa, na wote waliopewa vitanda vya bweni kwa sababu ya michezo watafute pa kulala. Sisimizi alikuwa mmoja wao. Kwao ni mbali, na bila bweni hakuna chuo. Maji yaliendelea kudondoka kwenye ndoo.

Kesho yake Kocha alikuja na mwanamke. Mama wa makamo, gauni la maua, pochi ya kahawia, viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Ungekutana naye njiani ungesema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Kocha alimtambulisha kwa neno moja tu, Shangazi. Yeye alimwita Kocha mwanangu, na wachezaji akawaita binti zangu. Basi wakajua ni shangazi yake Kocha, wakamwamkia.

Shangazi akafungua pochi, akatoa mpira wa kikapu uliokunjwa kama nguo. Ulikuwa mpya, na hauna upepo hata chembe. Akatoa na mrija mwembamba. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa wao ni kuwa kila mmoja anahema peke yake, na kwamba wanatakiwa kuujaza mpira ule kwa mdomo, kila mtu pumzi moja. Wasichana wakaanza kubanana mbavu. Mmoja akamwambia pampu ipo stoo, asihangaike.

Shangazi naye akacheka. "Pampu inajaza hewa, binti yangu. Mimi nataka pumzi."

Mtu yeyote aliyewahi kushika mpira wa kikapu anajua kwamba haujazwi kwa mdomo. Lakini wa kwanza alipopuliza, mikunjo ilifunguka. Wa pili akapuliza, ukatuna upande. Kicheko kikaanza kupungua. Ilipofika zamu ya Sisimizi alisita, akasema yeye pumzi yake mwenyewe ni ya kuombaomba. Shangazi akamwekea kiganja mgongoni. "Hata hiyo kidogo, mwanangu." Sisimizi akapuliza, na hakukohoa.

Mlingoti alikuwa wa mwisho. Mrija ulikuwa umelowa mate ya watu sita, akaona kinyaa. Hakuwa na sababu nyingine. Aliuweka mdomoni, akajaza mashavu, akabana, akajifanya amepuliza. Mpira ulikuwa tayari umeviringika. Shangazi alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyopasa mtu mzima kumtazama mtoto wa mwenzake.

"Mmoja bado," akanong'ona.

Akafunga pochi, akaondoka.

Mazoezi ya siku hiyo yalikuwa sherehe. Walicheza na wavulana wa chuo, waliokuwa wakiwachezea kama paka na panya, wakawafunga mpaka wavulana wakasusa. Kila mpira ulioruka uliingia. Waliokuwa hawawezi kufunga hata wakiwa wamebebwa walifunga kutoka katikati ya uwanja. Ni Mlingoti tu aliyekataliwa. Mpira wake ulizunguka mdomo wa kikapu, ukasita, ukatoka nje. Hakujali. Sisimizi alikuwa amecheza mchezo mzima bila kugusa benchi.

Alimkimbilia, akamkumbatia, akamnyanyua juu. Walikuwa wamelowa jasho wote wawili. Akawa anamwambia umeona, umeona, huku anahema.

Kifua cha Sisimizi hakikuwa kinapanda. Wala hakikushuka.

Alimweka chini, akawatazama wengine. Walikuwa wamesimama, jasho linawachuruzika, midomo imefungwa. Hakuna aliyehema. Ukumbi mzima ulisikika mhemo wa mtu mmoja, wake. Na kando ya benchi, mpira ulikuwa unatuna na kunywea. Polepole. Kama mtu aliyelala.

Kocha alikuwa anapiga makofi. "Stamina hiyo," akasema.

Siku mbili zilizofuata Mlingoti alijitahidi kutoona. Alijiambia ni uchovu, ni macho yake. Lakini walipokuwa bwenini, baada ya chakula cha mchana, alimkuta Sisimizi amelala chali, jua la dirishani limempiga usoni. Hakukoroma, wala hakukuwa na ule mluzi wa kifuani aliokuwa akiusikia tangu utotoni, ambao bila huo yeye mwenyewe alikuwa hapati usingizi. Akainama. Akaweka kidole chini ya pua ya mdogo wake. Akangoja.

Hapakuwa na kitu.

Sisimizi akafumbua macho. Hakushtuka. "Usiogope, dada," alisema, na sauti ilikuwa kavu, haina upepo ndani yake. "Pumzi yangu ipo. Iko ukumbini."

Mlingoti akamwuliza dawa yake iko wapi. Akajibiwa kwamba ameitupa, ya nini tena. Na Sisimizi akatabasamu tabasamu la mtu aliyetua mzigo. "Sijawahi kupumzika hivi tangu nizaliwe."

Hapo ndipo Mlingoti alipokwenda ofisini kwa Kocha. Alimkuta anasahihisha mitihani. Hakuketi. Alimwomba amwelekeze nyumbani kwa Shangazi, sasa hivi, kabla ya mechi, kwa sababu watoto wa watu hawapumui.

Kocha akaweka kalamu chini. "Unaniuliza mimi?" akasema. "Si shangazi yako?"

Wakatazamana. Kocha akaeleza, maneno yakimkwama, kwamba mama yule alimfuata hapohapo ofisini, akasema nahodha wa timu ni mtoto wa kaka yake, na kwamba amesikia shida zao. Alijua jina la Mlingoti la nyumbani. Alijua na la Sisimizi. Kocha alikuwa amechoka kuchekwa, akamwambia karibu. Alipomaliza kueleza, uso wake ulikuwa umesawajika kama wa mtu aliyeugua mwezi mzima. Lakini alichosema mwisho ndicho ambacho Mlingoti hakumsamehe. Alisema, Ijumaa ipite kwanza.

Ijumaa ikafika. Watu walishasikia habari za wale wavulana waliosusa, ukumbi ukafurika mapema, wengine wakining'inia madirishani. Wenzake walikuwa wanavaa jezi kimya kimya. Mlingoti akamshika Sisimizi mkono, akamwingiza stoo, akafunga mlango. Mpira ulikuwa pale, juu ya mikeka ya mazoezi. Ulikuwa na joto. Ulipanda na kushuka mikononi mwake, naye akajikaza asiutupe. Mfukoni alikuwa na sindano ya pampu.

Hakuwa na ujuzi wowote wa mambo hayo. Alichowaza ni kwamba kilichoingia kwa mdomo kitarudi kwa mdomo. Akamwambia Sisimizi afunue midomo. Akachoma sindano kwenye tundu la upepo.

Upepo ukatoka. Wa moto, kama wa mgonjwa wa homa. Na ndani yake mlikuwa na minong'ono, sauti juu ya sauti, moja inamwita mama yake.

Kifua cha Sisimizi kikapanda.

Mlingoti alitaka kulia kwa furaha. Hakuwahi. Pumu ilirudi. Ilirudi yote kwa mara moja, ya siku zote ambazo haikuwapo. Sisimizi akajishika koo. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Akapapasa kiuno, mahali alipozoea kuweka kichupa chake. Hakikuwapo.

Kutoka chumba cha pili, walikokuwa wakivaa wenzake, kikasikika kishindo. Kitu kizito kimeanguka sakafuni. Kisha kingine.

Mlingoti hakuhitaji kuambiwa ni nini. Upepo ulikuwa bado unatoka. Ulikuwa wa watu sita, na hakujua upi ni wa nani.

"Irudishe," Sisimizi akanong'ona. "Dada. Irudishe."

Hakuweza. Mikono ilikataa. Ni Sisimizi mwenyewe aliyeuvuta mpira, akaweka mdomo kwenye sindano, akapuliza kile kidogo alichokipata. Kifua kikatulia. Rangi ikamrudi midomoni. Akaichomoa sindano, akajifuta mate kwa nyuma ya kiganja. Nje ya stoo walioanguka walisikika wakiinuka, wakijipangusa.

"Twende," akasema, mpira kwapani. "Wanatungoja."

Walishinda. Ukimwuliza Mlingoti walishindaje, hana la kukueleza. Anakumbuka mpira ukipita mbele ya macho yake ukienda kikapuni, mara kwa mara, bila kugusa chuma. Anakumbuka wasichana wa chuo cha ualimu wakitazamana, na mmoja wao akirudi nyuma kila Sisimizi alipomsogelea. Filimbi ya mwisho ilipolia, chuo kizima kilimwagika uwanjani. Wale waliowaita Sadaka ndio walioimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakamnyanyua nahodha mabegani.

Kwa kuwa alikuwa juu, aliona.

Gauni la maua lilikuwa linashuka ngazi za watazamaji, taratibu, likipisha watu. Likafika uwanjani. Likainama kando ya benchi. Shangazi akaokota mpira uleule wa pumzi, akaufuta vumbi, akautia kwenye pochi ya kahawia. Pochi haikutosha kuingiza hata kitabu kikubwa. Ikafungwa. Akatoka nje.

Mlingoti akapiga kelele ashushwe. Walidhani anashangilia, wakamrusha juu zaidi. Alipopata kuteleza chini alipenya katikati ya miguu ya watu, akatoka mlangoni, akashika barabara. Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wengi, na magauni ya maua yalikuwa mengi.

"Shangazi!" akaita.

Wakageuka. Muuza matunda akageuka. Mama aliyeshika mkono wa mtoto akageuka. Waliokaa kituoni, aliyekuwa akivuka barabara, aliyekuwa mlangoni pa duka la dawa, wote waligeuka, na wote walikuwa na ile sura ya mama aliyeitwa na mtoto wa ndugu yake. Akawaangalia mmoja mmoja. Hakuwa yeyote kati yao.

Akainama, mikono magotini, akihema.

Nyuma yake, ukumbini, wimbo ulikatika. Haukufifia. Ulikatika.

Aliporudi, aliwakuta wenzake sita wamelala pale walipokuwa wamesimama, kila mmoja mahali pake uwanjani, macho wazi. Daktari aliandika joto na msongamano wa watu. Alisema pia, si kwa maandishi, kwamba mapafu yao alivyoyakuta hayakuwa ya watu waliokufa siku hiyo. Kocha hakurudi chuoni. Ukumbi ulifungwa kwa mnyororo, na habari za madarasa mapya hazikusikika tena. Mlingoti alirudi nyumbani, kwenye kitanda kilekile, na upande wa ukutani hakulala mtu.

Mama mdogo alikaa miezi bila kuuliza. Halafu asubuhi moja akasema anataka kupaona mahali mwanawe alipoanguka. Mlingoti alimsihi, akashindwa. Wakaenda. Mlinzi aliwasindikiza mpaka mbele ya mlango mkubwa wa vioo, akawaomba radhi kwamba funguo za mnyororo hakuna anayejua ziliko, na kwamba tangu siku ile hajaingia mtu.

Mama mdogo akasogea achungulie. Kioo kilikuwa na ukungu, madoa ya mviringo, kama yanayobaki mtoto akiegemeza mdomo kwenye dirisha. Yalikuwa sita, yametawanyika, mengine juu, mengine chini, na la chini kabisa lilikuwa usawa wa kifua chake. Akachukua ncha ya mtandio wake, akalifuta hilo la chini. Halikufutika. Akafuta tena, kwa nguvu, mpaka kioo kikalia.

"Mama," Mlingoti akamwambia, "liko kwa ndani."

Wakasimama, hawagusani. Doa likaanza kufifia, kutokea pembeni kuja katikati, mpaka kioo kikabaki kitupu.

Kisha likarudi.