Aonje Kwanza Msimamizi

Adventina wa Nshambya aliipenda kazi yake. Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla. Kila asubuhi, akishapalilia migomba, alikwenda kwenye ghala la jeshi mjini Bukoba kupeta maharage ya askari. Mdogo wake Datius alikuwa askari. Kwa hiyo alipeta kwa moyo.

Siku moja Rugaibula, msimamizi wa ghala, aliwaambia wanawake, "Yaliyobunguliwa msitupe. Rudisheni guniani." Mazuri aliyapitisha mlango wa nyuma, akayauza.

Adventina alikasirika sana. Lakini hakusema panapostahili. Alisema kwenye pombe. Majirani wakinywa lubisi, alimwigiza Rugaibula na kitambi chake, watu wakacheka hadi machozi. Maneno hayana miguu, ila yalifika ghalani kabla yake.

"Mwizi wa maharage wewe!" Rugaibula alimfokea mbele ya wote. "Toka, usirudi!"

Kufukuzwa kulimuuma. Kuitwa mwizi kulimuuma zaidi.

Jirani yake Buberwa, askari aliyerudi na mguu mbovu, alimkuta analia.

"Dada, kwa nini hukumwambia mkubwa wake?"

"Mawe, mama yangu! Nimwendee Kapteni, Mzungu yule? Si atanifunga?"

"Jeshini koplo akikuonea, unamwendea sajenti. Kila mkubwa ana mkubwa wake. Nenda na wenzako walioona. Semeni mlichoona, si mlichosikia. Tena dai jina lako lisafishwe."

"Na wenzangu wakifukuzwa?"

"Ombeni ulinzi kwanza, kabla hamjasema lolote."

Kesho yake Adventina na wenzake wa ghalani, Benigna na Celina, walikwenda kwa Kapteni wa maghala.

"Bwana, tunaomba atakayesema kweli asifukuzwe," Adventina alianza.

"Hatafukuzwa. Semeni."

Wakasema yote. Kapteni akaenda nao ghalani.

"Maharage haya ni safi, bwana!" Rugaibula aliapa. "Huyu mwizi ananichafulia jina."

"Basi tuyapike," alisema Adventina. "Kwetu mwenye kukaribisha wageni huonja kwanza. Wewe ndiye unayewakaribisha askari, waitu, bwana wetu. Onja!"

Chungu kikatokota. Wadudu wakaelea juu. Yalipoiva, Rugaibula akapewa sahani. Aliitazama sahani, akamtazama Kapteni.

"Leo tumbo linaniuma, bwana."

"Na tumbo la Datius, je?" Adventina aliuliza.

Rugaibula aliisukuma sahani kando. Alipelekwa mahakamani.

Kapteni aliwakusanya wafanyakazi wote. "Adventina si mwizi," alitangaza. "Amerudi kazini, na siku aliyokosa kazi atalipwa. Atakayeona ubaya humu aje aseme. Hakuna atakayemgusa."

Benigna alipiga vigelegele. Adventina alilia tena, safari hii kwa furaha.

Tangu hapo, kabla gunia halijafungwa, maharage yake yalipikwa kidogo. Msimamizi mpya alionja kwanza. Wanawake waliacha kupeta, wakamtazama mpaka ameze.