Mawe Yaliyohamishwa

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yote ya Gisenyi yalikuwa yamefungwa na watu walikuwa wakiteremka kuelekea ziwani, majembe mabegani. Ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja. Nishimwe, msichana wa miaka kumi na miwili, alimfuata mama yake Mukasine akiwa amebeba kidumu cha maji ya kunywa.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kwenye nyumba ya zamani iliyo karibu na ufuo. Mwaka 1994, vita vya ukombozi vilipokaribia kwisha, askari waliokuwa wakishindwa walilala humo kabla ya kuvuka mpaka kwenda Goma, mji wa nchi jirani. Walipikia sebuleni, na dari lilikuwa bado jeusi kwa moshi wao. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa matofali, yakaachwa matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Sasa nyumba ilitakiwa ifunguliwe ili wanafunzi wajifunze historia humo, lakini nyasi za uani zilifika kiunoni.

Mugabo, mkuu wa mtaa, alisimama kwenye ngazi za mbele.

"Sikilizeni vizuri. Fundi aliyechimba mtaro hapa wiki mbili zilizopita alikuta kombora la wakati wa vita. Wanajeshi waliliondoa, na wanadhani yapo mengine. Watarudi Jumatatu na mitambo yao. Kwa sasa wamepanga mawe. Upande mweupe wa jiwe ni wetu. Upande mwekundu ni hatari. Limeni mpaka kwenye mawe, msivuke."

"Na tukivuka, Mzee?" kijana mmoja aliuliza.

"Utafika Goma bila kupita mpakani, tena kwa vipande."

Watu walicheka. Nishimwe hakucheka. Aliweka kidumu chini, akayatazama mawe.

Gisenyi kila njia na kila shule imepambwa kwa mawe yaliyopakwa rangi. Jumapili iliyopita, yeye na Régis, mwanafunzi mwenzake, walipenya kwenye uzio wa nyumba hii wakachukua mawe manne karibu na mparachichi uliokuwa uani. Waliona ni pambo lililosahauliwa na kwamba yangewaokolea gharama ya rangi. Waliyapanga kuzunguka bustani ya darasa lao. Jumatano darasa lilishinda kombe la usafi, na mwalimu akawasifu mbele ya shule nzima.

Régis alikuwa pale uani na baba yake. Nishimwe alimvuta kando.

"Régis, yale mawe."

"Mawe gani? Mi sijui mawe."

"Tuliyatoa pale kwenye mparachichi. Sasa pale hapana alama."

"We, nyamaza! Na kama chini hakuna kitu? Watachukua kombe bure, darasa yote itatucheka. Halafu baba yangu iko pale. Ataniua."

"Na kama kipo?"

Régis alirudi kwa baba yake, akashika jembe.

Watu walianza kulima kwa mstari mmoja. Udongo wa Gisenyi umejaa mawe ya volkano, na kila hatua majembe yaligonga: ng'a, ng'a. Kila mlio ulimshtua Nishimwe. Upande wa kushoto wakulima walifika kwenye jiwe la rangi, wakasimama. Upande wa kulia vilevile. Katikati, kwenye mparachichi, hapakuwa na jiwe la kumsimamisha mtu. Wanawake watatu waliendelea kusonga mbele ndani ya nyasi, wakiongea habari za bei ya viazi vya Mudende. Aliyetangulia alikuwa Mukasine.

Nishimwe alipiga hatua mbili kuwaelekea, akasimama. Alifikiria kombe, mwalimu, na uso wa mama yake atakaposikia mbele ya majirani. Mukasine alinyanyua jembe.

"Mama, acha! Usilime!"

Jembe lilibaki hewani.

"Una nini wewe?" Mukasine aliuliza.

"Leo watoto ndio wakuu wa mtaa," mwanamke mmoja alidhihaki. "Mwache mama yako afanye kazi, binti."

"Msisogee! Mawe ya hapo niliyachukua mimi. Yako shuleni."

Dhihaka ilikatika. Mugabo alitazama jiwe la kushoto, kisha la kulia, akapima pengo kwa macho.

"Kina mama, wekeni majembe chini taratibu. Geukeni. Kanyageni pale pale mlipokanyaga mkija."

Walirudi hatua kwa hatua. Mukasine alipofika kwenye ngazi, aliketi. Ndipo Régis alipojitokeza. "Mi pia nilibeba," alisema. Baba yake alimshika bega, akamsogeza mbele kwa Mugabo.

Wanajeshi waliitwa kwa simu wakaja siku hiyo hiyo. Luteni Akaliza, aliyewaongoza, alipitisha chombo chake cha kutambua chuma juu ya udongo uliokwisha kulimwa, kikawa kimya. Alipofika mwisho wa alama za majembe kilianza kulia. Kombora lilikuwa umbali wa kiganja kimoja kutoka pigo la mwisho la jembe la Mukasine.

Alirudi akavua kofia yake ya chuma, akawaita watoto wale wawili mbele ya watu.

"Mlichukua kitu bila kumwuliza mwenyewe," alisema. "Hamkujua maana yake, na kutojua hakulindi mtu. Nishimwe, wewe ulipojua, ulisema, ingawa ulichelewa kidogo. Kosa likisemwa, mwenye kosa ndiye anayelibeba. Likifichwa, humtafuta asiye na hatia. Leo lilikuwa linamtafuta mama yako."

"Nimeelewa, Afande," Nishimwe alijibu.

Alasiri, barabara ya ufuoni ilifungwa na wakazi wakaondolewa ili kombora lilipuliwe. Mlio ulisikika mara moja, mzito. Moshi wa kijivu ulipanda nyuma ya mparachichi, na Luteni Akaliza akapeperusha kibendera cheupe, rangi ya upande salama.