Mwangwi wa Kaburi Katika Kanda ya Shawqi

Jumanne, tarehe 14 Januari 1992. Asubuhi hiyo ukungu uliufunika mji wetu wa Tanta, Misri, hata mnara wa msikiti wetu hatukuuona. Jirani yangu, mjane Hajat Insaf, alikuwa jikoni akichambua maharage na kuimba kwa sauti ndogo.

Mwanawe Shawqi alikuwa fundi wa kurekodi hotuba za Ijumaa kwenye kanda na kuziuza. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa madereva wa teksi, na mmoja alikuwa mlangoni akilalamika.

"Fundi, ile ya mwisho ilikuwa baridi. Abiria wangu alisinzia mpaka stesheni."

"Chukua hii ya kaburi," Shawqi akacheka. "Huyo atatubu kabla hajashuka."

Katika hotuba hiyo Sheikh Dardiri, imamu wa msikiti wetu, alikuwa ameieleza adhabu ya kaburi kwa upole, kisha akakaa sana kwenye rehema. Shawqi aliitia sauti ya Sheikh mwangwi, kana kwamba inatoka chini ya ardhi, akaongeza mapigo ya moyo. Sehemu ya rehema akaikata, kanda isiwe ndefu. Nakala moja akamwachia mama yake.

Ndugu zangu, yule mjane hakuwa na deni la swala hata moja. Aliisikiliza kanda ile kila siku akidhani ni ibada. Ramadhani ilimkuta hawezi kulala bila taa, futari haigusi, anasema ukuta unapumua.

"Mama, ni mashine tu," Shawqi alimwambia. "Nimeitengeneza mimi, kwa mikono hii."

"Nyamaza, mwanangu. Wewe huwezi kutengeneza sauti ile. Ile inanijua jina."

Tukamwita Sheikh Dardiri. Alikaa chini karibu naye, akamsomea aya za rehema kwa sauti yake ya kawaida, yenye kikohozi. Hajat akatikisa kichwa.

"Wewe si yeye," akasema.

Sheikh akaisikiliza ile kanda, kisha akamgeukia Shawqi. "Nusu ya maneno yangu umeipeleka wapi?"

Baada ya Idi Hajat alianza kula kidogo kidogo, lakini kuimba jikoni hakukurudi.

Funzo

Sikio halina mlango. Atengenezaye sauti huingia ndani ya mtu bila kupiga hodi, basi na aingie kwa adabu. Hofu ya Mungu ni njema ikifuatana na tumaini. Ikipikwa kwa mashine ili kanda inunuliwe, ni dhuluma. Nasi wasikilizaji tusidhani kila kinachotutetemesha ni imani.

Shawqi alilielewa hili akiwa amechelewa. Ijumaa moja baada ya swala alisimama mbele ya Sheikh na mbele yetu sote, sauti ikimtetemeka bila mashine yoyote.

"Shuhudieni. Sauti ya mtu nitaitoa kama nilivyoipokea, na rehema sitaikata tena."