Fundi Mkasi na Habari ya Kutolewa Kizazi

Katika karakana ya sare za shule, hakuna aliyemfikia Fundi Mkasi. Alitandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki, akakata mara moja tu. Mashati yote yalitoka sawasawa. Ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo. Mdomo wake nao ulichangia, maana ulikuwa mkali vilevile.

Lakini kila mwezi kulikuwa na siku ambazo mdomo huo ulinyamaza. Hedhi ilimtoka nyingi kupita kiasi, tena yenye mabonge. Alifunga sweta kiunoni ili kuficha madoa. Akipanda ngazi, moyo ulimwenda mbio. Akiulizwa, alijibu kuwa ni uchovu tu. Alijibu hivyo mwaka mzima, na huo, nasema wazi, ulikuwa ukaidi.

Siku moja alianguka juu ya meza ya kukatia. Wenzake wakampeleka hospitali. Vipimo vilionyesha kuwa damu yake imepungua sana na kwamba kizazi kina uvimbe. Daktari alimweleza kuwa wanawake wengi wana uvimbe wa namna hiyo, na mara nyingi si saratani. Akampa dawa za kuongeza damu na za kupunguza hedhi.

Miezi ikapita. Damu iliongezeka kidogo mwilini, lakini hedhi ilikuwa ile ile. Daktari akamwambia sasa wafikirie njia nyingine, na mojawapo ni kuondoa kizazi. Akamtaka aende nyumbani kwanza, afikiri, aulize.

Jioni Fundi Mkasi aliwaeleza watu wake wakiwa mezani. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, aliweka kijiko chini.

"Wakutoe kizazi? Mwanangu atabaki na nini?"

Mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, alikuwa akikwangua rangi kwenye kucha. Aliendelea kukwangua. Kisha akasema, "Tutaona," akatoka nje.

Neno hilo lilimchoma Fundi Mkasi kuliko lile la mama mkwe. Hakutaka kuzaa tena, kwani watoto wake watatu walikuwa wakubwa. Hofu yake ilikuwa moja tu. Aliogopa kwamba mumewe atamwona si mwanamke tena, amwache.

Jirani yao alikuwa nesi wa wodi ya wanawake. Fundi Mkasi alimwomba aje azungumze naye, mumewe na mama mkwe. Nesi alikuja akitoka kazini, akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye mkeka.

Mama mkwe hakumpa nafasi ya kupumua. Alirudia swali lake la kizazi.

"Mama, kizazi unachokililia ni wajukuu zako," Nesi akasema. "Wako hapo nje wanagombania baiskeli. Hao hakuna daktari wa kuwatoa. Tunachozungumzia hapa ni mfuko walimokaa kabla ya kuzaliwa, basi."

Mama mkwe alichungulia dirishani. Wajukuu walikuwepo, na kelele zao pia. Akauliza kwa sauti ya chini kidogo kama damu ya kila mwezi haitakosa njia, ikampanda kichwani. Nesi alisema hapana. Damu ya hedhi hutoka kwenye utando ulio ndani ya kizazi. Kizazi kisipokuwepo, utando haupo, na damu hiyo haipo.

Kisha akamgeukia Fundi Mkasi. Alimweleza kuwa kuna njia zaidi ya moja. Kuna kitanzi chenye dawa, kinachowekwa ndani ya kizazi ili kupunguza damu, ingawa hakimfai kila mtu. Kuna upasuaji wa kuondoa uvimbe peke yake. Huo unawafaa hasa wanaotaka kuzaa bado, lakini uvimbe unaweza kuota tena. Kuondoa kizazi kunamaliza hedhi kabisa, na mtu habebi mimba tena maisha yake yote.

"Na ni upasuaji mkubwa," Nesi akasema. "Mtu anaweza kuvuja damu, au kidonda kikaingia vijidudu. Muulize daktari hayo yote. Muulize pia kama vifuko vya mayai vitabaki, maana vikitolewa, mwili unaingia ghafla kwenye ukomo wa hedhi, na joto lake linakuja kwa nguvu. Na shingo ya kizazi ikiachwa, utaendelea kupimwa saratani."

Fundi wa rangi akakohoa. "Pale kitakapotoka, patabaki shimo?"

Nesi hakucheka. "Hapana, shemeji. Utumbo unasogea kidogo, unajaa hapo. Na mambo ya mume na mke yanaendelea akishapona. Kukiwa na maumivu, mseme, mtasaidiwa."

Fundi wa rangi alitazama dari kana kwamba ameitwa kuipaka.

"Basi amueni," mama mkwe akasema.

"Anayeamua ni mwenye tumbo," Nesi akajibu. "Sisi wengine tutabeba ndoo za maji."

Fundi Mkasi alifikiri kwa siku kadhaa. Alirudi kwa daktari na maswali yake, akauliza moja baada ya jingine. Daktari alimwambia vifuko vya mayai vilikuwa vizima na vitaachwa. Mwishowe akakubali upasuaji, akatia sahihi mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Maumivu yalikuwepo, lakini yalipungua polepole. Alitembea taratibu, hakuinua kitu kizito, na alijua kwamba akipata homa, damu nyingi au mguu kuvimba, arudi hospitali mara moja.

Jambo moja lilimnyima raha. Tangu arudi nyumbani, mumewe alikuwa akilala kwenye kochi. Asubuhi moja alimkuta akikunja blanketi, akashindwa kuvumilia.

"Baba watoto, umenihama kwa sababu sina kizazi?"

Mumewe alisimama na blanketi mkononi. "Nimekuhama? Mimi nikilala narusha miguu, unanijua. Niliogopa nitapiga kidonda."

"Na ile 'tutaona' yako?"

"Nilidhani utafia kwenye upasuaji. Sikuweza kusema kitu."

Fundi Mkasi alilia hapo hapo. Alijiona mjinga, na alifurahi sana.

Baada ya wiki sita daktari alimpima. Kidonda kilikuwa kimepona na damu imerudi mwilini. Akaruhusiwa kurejea kwenye meza yake ya kukatia, na kuendelea na unyumba akiwa tayari. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, alipanda ngazi za daraja bila kupumzika. Huko juu alimngoja mumewe.

"Leo unarudi kitandani," akamwambia. "Miguu iache kwenye kochi."