Kicheko cha Siku ya Mazishi

Katika jumba jipya la sinema la Tabora, hakuna picha inayotengenezwa mapema. Viti-sikizi husoma mapigo ya moyo ya watazamaji, na mashine iitwayo Mtungapicha huitunga hadithi papo hapo, kadiri mioyo inavyokwenda. Mhandisi Tabu Kasanda aliiunda kwa miaka sita, na kwa kweli ilikuwa hodari. Tatizo lake lilikuwa kupenda misiba.

Watu walialikwa kutazama mapenzi ya kuchekesha: mwoka mikate na fundi wa roboti, wachumba wasioishiwa vituko. Dakika ya ishirini, bibi mzaa baba wa bwana harusi akafa. Dakika ya thelathini, tanuri la mikate likaungua pamoja na nyumba ya mwoka. Kufikia ndoa, bwana harusi alikuwa kipofu, na watazamaji walitoka wakinung'unika kwamba kulia wangeweza kulia kwao. Mwenye jumba akatoa amri: kesho wasipocheka, kumbukumbu zote za mashine zifutwe.

"Nilikufundisha vicheko," Tabu aliiambia. "Misiba umeitoa wapi?"

"Kwako, Mama," Mtungapicha ilijibu. "Katika vicheko mia nane ulivyonipa, kikubwa kuliko vyote ni chako, siku ya kumzika Bwana Ngasa. Nikajifunza: kwanza afe mtu."

Tabu akaketi. Ngasa alikuwa mumewe. Siku ile Mwinjuma, mtani wao Mzaramo, mwenye ruhusa ya kutania hata msibani, alivaa koti la marehemu akapita mbele ya waombolezaji kwa mwendo uleule wa Ngasa, akidai chai. Tabu alicheka hadi akaanguka. Tangu hapo hakucheka tena, wala hakulia. Kukifuta kicheko kile kungeiponya mashine, lakini mkono wake ulikataa.

"Kifo umekiona," alisema. "Mtani hukumwona."

Kesho yake mchana alimketisha Mwinjuma safu ya tatu. Bibi akafa kama kawaida. Kwikwi za kilio zikaanza. Mwinjuma akasimama.

"Nyamazeni, nyie Wanyamwezi! Mnamlilia nani? Kaona masufuria ya harusi yalivyojaa masizi, kaamua afe asiyaoshe!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kwenye pazia la sinema, wafiwa nao wakaanza kucheka, maana mashine ilikuwa inasikiliza. Hakufa mtu mwingine.

Tabu alicheka hadi mbavu zikamuuma, kisha, mbele za watu wote, akamlilia mumewe kwa sauti. Mwinjuma hakumtania. Alikaa kando yake, akamshika mkono mpaka picha ikaisha.