Rangi Isiyoacha Mwanya

Fundi alijua kuna kasoro kabla hata hajamwosha miguu yule mteja. Ukimwambia fundi wa kucha kwamba rangi yako ina muda mrefu, hakuulizi ushahidi. Anatazama pale ukucha unapokutana na ngozi. Ukucha unaota, rangi haioti. Kwa hiyo rangi ya jeli iliyokaa husogea mbele polepole na kuacha mwanya mtupu nyuma yake, na kwa upana wa mwanya huo fundi anajua kama unasema kweli au unamzuga. Mteja huyu alisema yake aliipata zamani, zamani sana. Mwanya haukuwepo. Rangi ilikuwa imefika mpaka kwenye ngozi, nyekundu inayokaribia weusi, inang'aa utadhani imetoka kwenye taa ya kukaushia sasa hivi.

Huyu mwongo, fundi akawaza. Wateja husema uongo mwingi tu kuhusu miguu yao, hata namba ya viatu wanadanganya.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mdogo wake. Mdogo mtu aliitwa Kicheko, na sina haja ya kueleza kwa nini. Akicheka jikoni, jirani anatabasamu bila kujua kilichomchekesha. Mama yao alifariki Kicheko akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na aliyembeba ni fundi. Sasa Kicheko alikuwa msaidizi wake saluni, amechumbiwa na kijana mpole anayeuza vipuri vya pikipiki, na harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Fundi hakuwa na mtu mwingine. Angeambiwa achague kati ya Kicheko na macho yake, angeuliza tu waanze kutoa jicho lipi.

Akaisugua rangi kwa tupa ya kucha kuvunja mng'ao wake, akaweka pamba zilizoloweshwa asetoni ya kuyeyushia rangi, akafunga kila kidole kwa karatasi ya foili. Harufu ya asetoni alishaizoea, lakini chini yake ilipanda harufu nyingine, kama ya sanduku la nguo lililofungwa likiwa na unyevu. Alipofungua foili, rangi haikuwa imelainika hata chembe. Akaisukuma kwa kijiti, ikakataa. Akarudia yote toka mwanzo.

"Taratibu, fundi," mteja akasema bila kumtazama. "Sina haraka."

Hapo Kicheko akaingia na beseni la maji, miguu peku, kucha zake tupu. Akainama kutazama.

"Jamani, rangi nzuri hii. Natamani ingekuwa yangu."

Kijiti kikapita. Rangi ikabanduka nzima nzima, kidole baada ya kidole, vigamba vigumu kama maganda ya mbegu za tikiti. Mteja akavuta pumzi kwa nguvu, akatazama ukuta, akatazama mikono yake, akauliza hapa ni wapi. Kabla hajajibiwa akainuka na kutoka mbio, viatu akaviacha mlangoni.

Kicheko alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akasema vigamba vile vichomwe, kisha akaenda kufungua mlango wa nyuma kwa ajili ya harufu. Aliporudi, mdogo wake alishavibandika kwenye kucha zake kwa gundi. Vyote vilimtosha, hata kile cha kidole cha mwisho.

Baada ya hapo Kicheko aliacha kucheka. Ndivyo ilivyoanza, na kwa mtu mwingine lisingekuwa jambo. Mchumba alikuja na mizaha yake ileile, akapewa tabasamu la mdomo tu, akaondoka akijiuliza amekosa nini. Fundi akamwambia ni wasiwasi wa harusi, wasichana ndivyo walivyo. Alisema hivyo huku yeye mwenyewe haamini.

Alasiri moja Kicheko alikuwa amejilaza. Fundi, akiwa jikoni anaosha vyombo, akasikia kucha zikigonga sakafu ya chumbani, ta, ta, ta, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Akaenda akafungua. Mdogo wake alikuwa kitandani, shuka limemfunika hadi kidevuni, macho yamefumbwa, na chumba kizima kinanuka sanduku la nguo lenye unyevu.

"Umeamka?"

"Nimelala tu," Kicheko akajibu bila kufumbua macho. Hakusema dada. Maisha yake yote hakuwahi kumjibu bila kusema dada.

Basi fundi akaanza kuchungulia. Akamshuku yule mteja kuwa ametumwa, akamshuku jirani, akamshuku hata kijana wa watu na vipuri vyake, na kila asubuhi akijifanya anatafuta kandambili chini ya kitanda alitazama miguu ile, akaona kucha za mikono zimeota mpaka zinahitaji kukatwa ilhali za miguuni rangi imefika palepale kwenye ngozi, haina mwanya hata wa kupitisha uzi, na siku moja alipoinua macho kutoka kwenye vidole vile akakuta mdogo wake ameketi anamtazama, kwa upole kabisa, kama mtu anavyomtazama mpangaji ambaye hajaambiwa kwamba nyumba imeuzwa.

Alijaribu tupa, asetoni, foili. Kicheko alinyoosha miguu bila ubishi, na rangi haikutoka. Akaleta mganga mwenye sifa zake. Mganga alitazama vidole vile, akaanza kufunga mkoba wake kabla hata hajaufungua vizuri. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hutoa kilichoingia, na hiki hakikuingia; kilikaribishwa. Hata soda aliyoandaliwa hakuinywa.

Aliyeleta jibu ni yule mteja. Alirudi siku moja kufuata viatu vyake, amekonda, anaogopa kukanyaga kizingiti. Fundi alimkamata mkono, na nusura ampige. Mwanamke akalia. Alisema hata yeye aliiona rangi ile kwenye miguu ya mwenzake, akaitamani, na akaisema tamaa yake. Ndani ya rangi ile mna jini, na hawezi kutolewa, ila anaweza kuhama. Na hadanganywi, ukimwita kwa mdomo tu hasogei, lazima umtake kwa moyo wako wote.

"Na mdogo wangu yuko wapi?" fundi akauliza.

"Yumo humo humo. Anasikia kila kitu, kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa chumba cha ndani. Na wewe ukimwita anakusikia."

Fundi akamwachia mkono. Akampa viatu vyake, na hakumwambia neno baya tena.

Kesho yake alimwita mchumba, akamwomba asimame nje ya mlango. Kicheko akitoka, amchukue na wasirudi tena katika nyumba ile. Kijana aliuliza kuna nini. Akaambiwa aache maswali.

Kisha fundi akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akaitoa rangi yake ya zamani. Ilikuwa ya waridi hafifu, yenye mwanya mpana wa uvivu wa miezi, maana mafundi hawana muda na kucha zao. Ilisuguliwa, ikaloweshwa, ikalainika, ikatoka kama inavyotakiwa. Hakuwahi kumpaka mtu rangi mpya juu ya ile ya zamani, na hakutaka kuanzia kwake. Alifuta kila ukucha mpaka ukabaki mtupu. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Akamketisha Kicheko, akaiinua miguu ile aliyoiosha tangu ikiwa ya kitoto, akaiweka mapajani. Kile kilichokaa ndani ya mdogo wake kikamtazama, kinasubiri. Fundi hakuitaka rangi. Alimtaka mdogo wake aliyefungiwa nyuma ya rangi, na njia ilikuwa moja tu, kwa hiyo akaitaka njia hiyo kwa moyo wake wote.

"Rangi nzuri hii," akasema. "Natamani ingekuwa yangu."

Kijiti kikapita mara ya kwanza.

Alivibandika vigamba kwenye kucha zake mwenyewe kimoja kimoja, haraka, kabla ujasiri haujamwisha. Cha mwisho kiliposhika, Kicheko akavuta pumzi kwa nguvu. Akatazama ukuta, taa, mikono yake. Akasema, "Dada?" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kicheko chake kilekile, hadi kule nje mchumba akaita jina lake.

Kicheko hakutoka. Alikuwa ameshaiona miguu ya dada yake, na kutoka chumba kile cha ndani alikuwa amesikia kila kitu. Akafunga mlango kwa komeo. Akapiga magoti palepale sakafuni, akaokota tupa, akavuta pamba na chupa ya asetoni karibu.

"Ngoja, dada. Nakutoa sasa hivi."

Aliyekaa kwenye kiti akanyoosha miguu bila kumtazama.

"Taratibu, fundi," akasema. "Sina haraka."