Visanduku vya Misa ya Marehemu

Hortense hakuwa amegusa kitu, lakini kwenye skrini ya kompyuta kisanduku cha jina la Osée kilikuwa na alama ya vema. Akaitoa. Harufu ya udongo mbichi wa kaburi ikajaa sebuleni, hapo mtaani Kasungami, saa nane mchana.

Alikuwa na wiki tatu tu za kujifunza JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, na ubishi wake ulizidi ujuzi. Parokia ilimwomba ukurasa wa misa ya marehemu: muumini aweke alama kwenye majina anayotaka yasomwe, abonyeze kitufe, orodha itoke. Ili aujaribu, aliandika majina ya nyumbani: lake, la mdogo wake Osée aliyekuwa akisinzia kwenye kochi, na la mama yao, Edith. Sasa, alama ikiwa imetolewa, akabonyeza kitufe.

"Ulitia majina ya bantu bangali bazima mu liste ya bale balikufa?" mama aliuliza polepole, akinusa hewa.

"Ni essai tu, ya kujaribu, mama. Paroisse haiyanipatiya majina ingine."

Osée akarushwa ukutani. Hakuna aliyeonekana kumshika, ila kichwa chake kilivutwa nyuma kikapigwa tena kwenye saruji, meno yakamwagika, na alama ilikuwa imetolewa, Hortense aliiona kabisa kwamba imetolewa, lakini mkono wa mama nao ukapindwa ukavunjika kama kuni kavu, na vidole baridi vikamkaba Hortense koo huku akisoma msimbo wake kwa machozi, mpaka akauona upumbavu wake: alikuwa anakusanya visanduku vyote, vyenye alama na visivyo nayo. Akaongeza :checked ili vichukuliwe vyenye alama tu, akahifadhi.

Koo likaachiwa. Nyumba ikatulia.

Kisha mdomo wa Osée, uliojaa damu, ukasema kwa sauti isiyo yake: "Asanti. Mbele nilikuwa nakamata bote. Sasa chagula moya."

Hortense akazidi kulia. Aliogopa kufa, na aliona aibu kwamba anaogopa.

Mama alimsukuma kando kwa bega. Kwa mkono uliobaki mzima akaweka alama kwenye jina lake mwenyewe.

"Kamata ndugu yako, mutoke," alisema, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe.

Hortense akamburuta Osée hadi barabarani. Ndani, mama alikuwa akilitukana lile jini kwa Kiluba, tusi juu ya tusi, huku mifupa ikivunjika mmoja baada ya mwingine. Akanyamaza katikati ya tusi.